Venisi ya Januari

Picha za wenzi waliokwenda Venisi hufanana. Wamesimama kwenye Daraja la Rialto, jua limewaka, miwani myeusi usoni, mfereji mkuu nyuma yao, na pembeni mabega ya watu wasiowajua. Anayezitazama kwa makini hugundua mambo mawili: nyingi zilipigwa kati ya Juni na Septemba, na nyingi zilipigwa mchana. Waliomo walishuka kwenye treni asubuhi, wakafuata umati hadi Uwanja wa San Marco, wakala kilichokuwa karibu kwa bei waliyotajiwa, wakaondoka kabla ya jua kuchwa. Kwa wengi, akiba ya mwaka mzima ilikwenda kwa saa 6 za kusukumana.

Msimamo wa makala haya ni kwamba wenzi wenye nafasi ya kuuona mji huo mara moja tu maishani waende wakati wa baridi, na walale humo humo usiku 3 au 4. Watalipa pungufu, wataona zaidi, na fedha yao itaifikia mikono ya wanaoishi pale. Baridi, giza la mapema na maji yanayopanda hadi viwanjani ni sehemu ya mji wenyewe. Asiyeyaona hayo ameona pambo la Venisi tu.

Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo si geni. Mwalimu Julius Nyerere alilileta nyumbani mwaka 1969, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilipochapishwa kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kuna wasomaji waliojua kwamba Rialto ni mahali wafanyabiashara walipoulizana habari za majahazi yao, kabla hata ya kujua kwamba Rialto ipo kweli, na kwamba hadi leo huuzwa samaki hapo.

Mji juu ya matope

Venisi imejengwa juu ya visiwa vidogo 118 ndani ya laguna, yaani maji ya kina kifupi yaliyotengwa na Bahari ya Adriatiki kwa visiwa virefu vyembamba vya mchanga. Ardhi yake ni tope. Ili nyumba isimame, mafundi walikita nguzo za miti zilizosongamana, wakalaza mbao na mawe juu yake, ndipo wakainua kuta. Kwa kuwa nguzo hizo zimezama mahali pasipofika hewa, kuoza kwake ni kwa polepole mno. Mtu wa Lamu au Unguja, aliyekulia chini ya dari ya boriti za mikoko, huielewa hesabu hiyo upesi: mji wa mawe uliobebwa na miti. Kanisa la Santa Maria della Salute, lile lenye kuba kubwa kwenye mdomo wa mfereji mkuu, husemwa kwamba limekaa juu ya nguzo zaidi ya 1,000,000.

Visiwa hivyo 118 vimeunganishwa kwa madaraja zaidi ya 400. Reli ilifika mwaka 1846 na barabara ya magari mwaka 1933, na zote mbili hukomea ukingoni. Kuanzia hapo kila kitu, friji, saruji, mgonjwa, jeneza, husafiri kwa boti na kumaliziwa kwa mkokoteni au mikononi mwa watu. Hakuna pikipiki, hakuna honi. Kiangazi, ukimya huo hufunikwa na magurudumu ya masanduku na sauti za waongoza wageni. Manispaa yenyewe ililazimika, mwaka 2024, kupiga marufuku vipaza sauti vyao na kuweka kikomo cha watu 25 kwa kundi moja.

Januari, vichochoro hurudi kuwa vichochoro. Wenzi wanaotembea saa 3 usiku katika mitaa ya Castello au Cannaregio husikia viatu vyao wenyewe, redio jikoni kwa mtu, maji yakipiga ngazi ya mawe. Watapotea, maana hata ramani ya simu huchanganyikiwa kati ya kuta ndefu zilizokaribiana; wataishia kwenye ngazi inayoshuka majini, watageuka, wataanza upya. Hakuna haraka na hakuna wa kuwapita. Watu wawili wanapofunga virago na kumwachia bibi watoto, hawaendi kutafuta hasa hicho, nafasi ya kusikilizana?

Baridi yenyewe inahitaji kuelezwa kwa haki. Mchana wa Januari joto huwa nyuzi 6 au 7, usiku hukaribia 0, na unyevu wa laguna huifanya baridi hiyo ipenye nguo kuliko namba zinavyodokeza. Desemba jua huchwa saa 10 na nusu alasiri. Siku nyingine ukungu hushuka hadi ng'ambo ya mfereji isionekane, na boti za abiria huja zikiwa taa kwanza, umbo baadaye. Siku nyingine upepo mkavu wa kaskazini mashariki, bora, huufagia ukungu wote, na kutoka gati za Fondamente Nove milima yenye theluji huonekana wazi nyuma ya laguna, kana kwamba imesogea usiku. Mgeni wa Agosti, katika ule utusitusi wa joto, haipati zawadi hiyo kwa urahisi.

Bamvua la kaskazini

Jambo linalowatisha wengi ni maji. Habari za Venisi huifikia dunia siku mji unapofurika, na mwenye nauli mkononi hujiuliza kama atakwenda kuogelea. Hapa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ana faida, kwa kuwa lugha yake ina maneno tayari: maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu.

Kwa nguvu ya mwezi na jua peke yake, tofauti ya kujaa na kupwa Venisi wakati wa bamvua ni kama mita 1. Unguja hufika karibu mita 4. Mvuvi wa Nungwi angeuliza kwa haki kabisa: mita 1 inaogopesha nini? Jibu ni kwamba mji huu ulijengwa bila nafasi ya ziada. Vizingiti vingi viko shibiri chache tu juu ya maji, na tangu nguzo za kwanza zikitwe bahari imepanda na ardhi imedidimia, jambo lililoharakishwa katika karne ya 20 viwanda vya upande wa bara vilipochota maji ya chini ya ardhi kwa wingi. Kisha bamvua huja na wenzake. Upepo wa sirocco, kutoka kusini mashariki, husukuma maji ya Adriatiki kuelekea pembe yake ya kaskazini, ambako Venisi ipo na maji hayana pa kutokea. Mgandamizo mdogo wa hewa nao huiacha bahari ivimbe. Yakikutana hayo matatu, hasa kati ya Oktoba na Machi, hutokea kile wenyeji wanachokiita acqua alta, maji ya juu.

Tarehe mbili hutajwa na kila mkazi: 4 Novemba 1966, maji yalipofika sentimita 194 juu ya alama ya kipimo iliyowekwa mwaka 1897, na 12 Novemba 2019, yalipofika 187. Namba hizo hazimaanishi kina cha maji barabarani, maana mitaa yenyewe iko juu ya alama hiyo. Sentimita 110 hulowesha kama asilimia 12 tu ya mji. Sentimita 140 hulowesha zaidi ya nusu.

Tangu Oktoba 2020 mambo yamebadilika. Tarehe 3 ya mwezi huo, kwa mara ya kwanza, mji ulikingwa dhidi ya maji ya kweli na MOSE, malango 78 ya chuma yaliyolazwa chini ya bahari katika milango 3 ya laguna: Lido, Malamocco na Chioggia. Utabiri ukionyesha kwamba maji yatafika sentimita 110, malango hayo hujazwa hewa, huinuka, na bahari hubaki nje. Mradi huo ulianza kujengwa mwaka 2003, ukachelewa, ukameza mabilioni ya euro, na mwaka 2014 uchunguzi wa rushwa uliouhusu ulisababisha watu wengi kukamatwa. Wenyeji wana haki ya kuwa na uchungu nao. Hata hivyo, malango yanafanya kazi, na vitabu vya safari vilivyochapishwa kabla ya hapo vinamtisha mgeni kwa hatari ambayo sasa ni ndogo zaidi.

Chini ya sentimita 110 malango hubaki chini, na Uwanja wa San Marco, ambao ni bonde la mji, bado huweza kupata maji. Kanisa la San Marco, lililopo uwanjani hapo, lilizungushiwa ukuta mfupi wa vioo mwaka 2022. Manispaa hupanga majukwaa ya mbao kwenye njia kuu, watu wakapita mmoja mmoja. Bahari haishi zinge, na wakazi wamejifunza kuishi kwa saa zake. Wenzi wanachohitaji ni kutazama utabiri wa ofisi ya maji kujaa na kupwa kila asubuhi, kuwa na gambuti karibu, na subira ile ile ya anayengoja maji yapwe ili avuke: kwa kawaida mafuriko hukaa saa chache tu. Upande wa pili wa jambo hili huonekana Januari na Februari, hewa inapotulia na maji yakapwa kupita kiasi. Mifereji midogo hubaki tope, gondola zikilala ubavu, na misingi ya nyumba huonekana jinsi ilivyo, yenye kome, magugu na viraka vya matofali.

Majira hayo ndiyo pia ya kazi ya mikono. Mifereji huzibwa, hukaushwa na kuzolewa tope. Usiku wa 29 Januari 1996 jumba la opera la La Fenice lilishika moto wakati mfereji wa karibu ukiwa umekaushwa kwa matengenezo, na boti za zimamoto hazikuweza kusogea. Lilijengwa upya na kufunguliwa Desemba 2003. Msimu wake wa maonyesho uko katikati ya baridi, wakati ambapo watu wa Venisi wenyewe wako mjini na wanavaa kwenda kusikiliza.

Kutwa moja

Siku nzuri ya baridi huanza Rialto, kwenye soko la samaki, kuanzia Jumanne hadi Jumamosi. Kaa, pweza, ngisi, kamba na samaki wa laguna huwekwa juu ya barafu chini ya matao, na wanunuzi wengi ni wazee wenye vikapu vya magurudumu. Hapo husikika lugha ya Kiveneti, tofauti kabisa na Kiitaliano cha shuleni. Upande wa pili ni mboga, na wakati wa baridi hutawaliwa na radicchio ya Treviso, jani jekundu lenye uchungu kidogo, ambalo huchomwa au kuchanganywa na wali.

Nyuma ya soko kuna mikahawa midogo iitwayo bacari. Kaunta ina vioo, na ndani ya vioo vipande vya mkate vyenye vitu juu yake, cicheti, vya kuliwa kwa mkono huku mtu amesimama. Kinachostahili kuonjwa kwanza ni baccalà mantecato, samaki mkavu wa Norwei aliyelowekwa, akachemshwa, akapondwa na mafuta hadi akalainika kama siagi. Cha pili ni sarde in saor, dagaa wakubwa waliokaangwa kisha wakalazwa siku nzima ndani ya vitunguu, siki na zabibu kavu. Hicho kilikuwa chakula cha mabaharia kabla ya kuwa kitoweo cha mezani, na mtu yeyote aliyewahi kubeba samaki wa kukaanga safarini ataelewa mantiki yake. Wenyeji hushushia na glasi ndogo ya mvinyo; asiyekunywa huagiza maji au kahawa na hakuna anayemshangaa. Kwa kuwa jiko la mji huu limesimama juu ya samaki, Mwislamu hula vizuri hapa kuliko katika miji mingi ya Ulaya, mradi aulize kabla ya kuagiza.

Mchana ni wa ndani ya nyumba. Kanisa la San Marco lilijengwa kuhifadhi masalia ya Marko Mwinjili, ambayo kwa mapokeo ya mji yalitoroshwa kutoka Aleksandria, Misri, mwaka 828 na wafanyabiashara wa Venisi. Farasi 4 wa shaba walioko humo waliporwa Konstantinopoli mwaka 1204. Utajiri wa mji huu una historia ya kuchukua, na ni vizuri wenzi waijue wanapoinua macho kwenye dhahabu ya dari. Kiangazi, anayeinua macho husukumwa. Januari anaweza kukaa kwenye benchi nusu saa, mpaka dhahabu ianze kubadilika mawingu yanapopita nje. Katika jumba la San Rocco, ambalo Tintoretto alilichora kwa vipindi kati ya 1564 na 1587, huwa kuna siku ambazo chumba kizima ni cha watu 4 au 5.

Alasiri ni ya kutembea kwenye njia ya kando ya maji ya Zattere, kuelekea jua linalochwa. Kahawa iliingia Ulaya kupitia bandari kama hii, ikitoka nchi za Waarabu na Waturuki, na mkahawa wa Florian, uliofunguliwa Desemba 1720, bado uko San Marco. Kukaa kwenye kiti chake ni ghali, na muziki hulipiwa juu ya kahawa. Katika mikahawa ya kawaida, anayekunywa amesimama kaunta hulipa bei ya wenyeji.

Ushanga, ramani na mpiga kasia

Wenzi wa Kiafrika hawaingii Venisi kama watu wasiohusika na historia yake. Katika jumba la picha la Accademia kuna mchoro wa Vittore Carpaccio wa miaka ya 1490, unaoonyesha Rialto wakati daraja lake lilipokuwa bado la mbao. Mbele kabisa, juu ya gondola, amesimama kijana Mwafrika mwenye kofia nyekundu, kasia mkononi. Hakuna maelezo kumhusu. Ni mtu wa kazi, mjini mwake, katika siku ya kawaida. Watazamaji wengi humpita wakikimbilia picha maarufu zaidi; anastahili dakika 10.

Upande wa San Marco, kwenye maktaba ya Marciana inayoingiliwa kwa tiketi ya makumbusho ya Correr, kuna ramani ya dunia ya mtawa Fra Mauro, iliyochorwa mnamo 1450. Kusini iko juu. Afrika inajaza upande wa juu wa duara, na Bahari ya Hindi imeachwa wazi, inapitika hadi kusini mwa bara, miaka karibu 50 kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi. Fra Mauro hakutoka kwenda kuyaona hayo. Aliuliza mabaharia na wasafiri, na habari za Uhabeshi alizipata kwa watu wa huko wenyewe. Kabla yake Marco Polo, mwana wa mji huu aliyefariki mwaka 1324, aliitaja Zanzibar katika kitabu chake bila kuwahi kuikanyaga, na mengi aliyoyasema hayakuwa kweli. Kumsoma Marco Polo kisha kuitazama ramani ni kuona jinsi uvumi ulivyogeuka kuwa maarifa katika vizazi vichache.

Kilichosafiri zaidi kati ya Venisi na Afrika Mashariki kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Mwaka 1291 mafundi wa vioo waliamriwa kuhamishia tanuri zao kisiwa cha Murano, kwa kuogopa moto. Pamoja na glasi na vioo, mji ulitengeneza shanga. Katika karne ya 19 wanawake wa Venisi walioitwa impiraresse walikaa milangoni mwa nyumba zao, trei ya shanga mapajani, wakizitunga kwenye nyuzi kwa malipo madogo. Nyuzi hizo zilipakiwa melini, zikashushwa Zanzibar, zikapanda mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Kila nchi ilikuwa na rangi yake. Ushanga mwekundu wa samisami ulipendwa sehemu nyingi. Mahali pengine walitaka mweupe au mweusi, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikosa hata chakula. Kwa ushanga zilinunuliwa pembe za ndovu, katika biashara ile ile iliyobeba watumwa hadi pwani. Mwanamke wa Castello aliyetunga nyuzi na mpagazi wa Unyamwezi aliyezibeba hawakuonana, na wote wawili walipata sehemu ndogo mno ya faida. Sanaa hiyo ya shanga iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2020, na makumbusho ya vioo ya Murano huionyesha. Hapo pana sababu ya kutosha ya kuvuka laguna kwa boti, hata siku ya mvua.

Hesabu ya mfukoni

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, gharama huanza na viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Wawili ni 180 kabla hata ya tiketi ya ndege. Kwa Waswahili wanaoishi Ujerumani, Uholanzi au Ufaransa, safari hii ni ya wikiendi ndefu tu. Kwa makundi yote mawili, baridi hupunguza gharama kubwa kuliko zote, kitanda. Nje ya sikukuu, bei za vyumba Novemba na Januari hushuka sana, na chumba ambacho Juni kingekuwa ndoto huwa kinawezekana.

Kuna kishawishi cha kulala Mestre, upande wa bara, ambako ni nafuu zaidi. Kishawishi hicho kikataliwe. Anayelala Mestre huupoteza usiku na alfajiri, yaani saa zile zile zilizomfanya aje wakati wa baridi.

Ada ya kuingia mjini, iliyoanza 25 Aprili 2024, huwahusu wageni wa siku moja. Mwaka ule ilikuwa euro 5 kwa siku 29. Mwaka 2025 siku zikawa 54, na aliyechelewa kujiandikisha akalipa 10. Siku zote hizo zilikuwa kati ya Aprili na Julai. Anayelala katika hoteli ya mji haitozwi; hulipa kodi ndogo ya malazi kwa kila usiku. Tiketi ya boti ya abiria kwa dakika 75 imekuwa euro 9.50, lakini tiketi ya saa 72, euro 45, huwafaa wanaotaka kwenda visiwa vya Murano na Burano. Gondola ya nusu saa, kwa bei ya manispaa, ni euro 90 mchana. Wasioweza wavuke mfereji mkuu kwa traghetto, gondola ya uchukuzi ambayo humvusha mgeni kwa euro 2, pamoja na wenyeji waliobeba mikoba ya sokoni.

Makoti mazito yasinunuliwe Ulaya. Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, hupatikana kwa bei nafuu, kwa kuwa wanaoyahitaji ni wachache.

Wiki zenyewe zichaguliwe kwa uangalifu. Krismasi na mwaka mpya bei hupanda, na Kanivali ya Februari au mapema Machi, iliyofufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, hurudisha umati wa kiangazi ukiwa umevaa barakoa. Vipindi viwili ni bora: kuanzia katikati ya Novemba hadi wiki moja kabla ya Krismasi, na kuanzia 7 Januari hadi Kanivali inapokaribia. Katika kipindi cha pili baadhi ya mikahawa hufungwa, wenyewe wakiwa likizo, na hilo halina budi kuvumiliwa. Katika cha kwanza kuna 21 Novemba, sikukuu ya Salute. Tauni ya 1630 hadi 1631 iliua karibu theluthi ya watu wa mji, na wakati ikiendelea mji uliweka nadhiri ya kujenga kanisa la Salute. Hadi leo, siku hiyo, daraja la muda hutandazwa juu ya mfereji mkuu, na mji mzima huvuka kwenda kuwasha mshumaa, kisha hurudi nyumbani kula supu ya kondoo aliyekaushwa na kabichi. Ni siku ambayo mgeni huwa mmoja tu kati ya wengi, na wengi hao ni wenye mji.

Mwenyeji apone

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa Venisi anapona? Mwaka 1951 mji wa visiwani ulikuwa na wakazi karibu 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Waliobaki wana hoja nzito dhidi ya makala kama haya: baridi ndiyo pumzi yao, na anayewahimiza wageni waje Januari anawanyang'anya hata hiyo.

Hoja hiyo ni ya kweli, na jibu lake linategemea mgeni anafanya nini. Wawili wanaokaa usiku 3 hununua kifungua kinywa, chakula cha jioni, dawa ya mafua na tiketi ya muziki. Wanampa mhudumu wa hoteli sababu ya kuwa na kazi Januari badala ya kusubiri Aprili. Wageni 6 wa siku moja wanaokula mikate waliyokuja nayo huacha taka na msongamano. Mzigo wa miguu juu ya madaraja unakaribiana; kinachobaki katika nyumba za watu hakikaribiani hata kidogo.

Lakini faida hiyo yote hufutika iwapo kitanda chenyewe kimechukuliwa kwa familia. Mwenye nyumba hupiga hesabu rahisi: wiki chache za watalii zinaweza kumpa kodi ambayo mwalimu angeilipa kwa miezi. Mwalimu huhamia bara. Anayemfuata ni nesi, kisha fundi bomba, kisha muuza mikate aliyewategemea hao watatu, na duka lake hugeuka kuwa la barakoa za plastiki. Shule hupoteza watoto wa kujaza darasa. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na wa Lamu, ulioingia mwaka uliofuata, hawahitaji kuelezwa zaidi. Wameona nyumba za ukoo zikiwa hoteli, na wenyewe wakija mjini mchana kufanya kazi tu.

Kwa hiyo wenzi walale katika hoteli ndogo inayoendeshwa na wenyewe, au chumba katika nyumba ambayo mwenyeji anaishi. Tangu Januari 2025 Italia inadai kila malazi ya kitalii yawe na namba ya utambulisho wa taifa, CIN, kwenye tangazo na mlangoni. Pasipo namba hiyo pasikodiwe. Wanunue sokoni Rialto, mahali ambapo kila mnunuzi anahesabika. Mlangoni mwa kanisa na darajani wapishe mzee mwenye kikapu.

Hesabu ya mji ipo hadharani kwa anayetaka kuiona. Katika uwanja mdogo wa San Bartolomeo, hatua chache kutoka Daraja la Rialto, dirisha la duka la dawa limekuwa na namba za taa tangu mwaka 2008, zikionyesha idadi ya wakazi waliobaki. Upande mwingine wa mfereji mkuu, Campo Santa Margherita, duka la vitabu liliweka mwaka 2023 namba nyingine dirishani: idadi ya vitanda vya watalii. Mwaka huo huo ya pili iliipita ya kwanza. Kutoka dirisha moja hadi jingine, kwa mwendo wa watu wawili walioshikana mikono usiku wa baridi, haifiki nusu saa.